Ajali njiani: Gari likigongwa ubavuni, nani mwenye kosa na nani analipa?

Katika miji mingi ya mashariki mwa Kongo, ajali ya gari kugongwa ubavuni huwa na mwisho uleule. Watu wanajaa kwenye njia panda, wamotari wanazunguka, madereva wawili wanatupiana maneno, na mtu mmoja asiyejulikana anatoa hukumu: «Aliyegonga ndiye alipe.» Baada ya nusu saa pesa kidogo inatolewa, vioo vinafagiliwa, na kila mmoja anashika njia yake. Siku tatu baadaye abiria aliyekuwa akisema «mimi ni mzima» analazwa hospitalini, na hakuna anayejua hata namba ya gari.

Hukumu ya namna hiyo mara nyingi inakosea mara mbili. Inakosea juu ya nani mwenye kosa, kwa sababu sheria haiangalii pua ya gari gani imebonyea. Inaangalia nani alipaswa kungoja. Tena inakosea juu ya nani wa kulipa, kwa sababu mwenye deni anaweza kuwa mtu ambaye hakuwepo hata kidogo mahali pa ajali: mwenye gari, mwenye moto, au kampuni ya bima, ile ambayo wengi huita assurance.

Kwa familia ambayo inaishi kwa versement ya moto moja, tofauti kati ya kujua na kutojua mambo haya ni tofauti kati ya kutibiwa na kuuza kiwanja.

Ubavu wa gari hauna kinga

Gari linapogongwa mbele, kuna boneti, mota na chuma kirefu ambavyo hukunjwa kabla nguvu haijamfikia mtu. Likigongwa nyuma, kuna sehemu ya mizigo. Lakini ubavuni kuna mlango tu. Kati ya mbavu za abiria na gari linalokuja hakuna hata nusu mita. Ndiyo sababu ajali inayoonekana ndogo kwa macho inaweza kuvunja mbavu, nyonga, au kupasua wengu na ini.

Damu inayovuja ndani ya tumbo haionekani kwa nje. Mtu anaweza kusimama, kuzungumza, hata kurudi nyumbani kwa miguu, kisha akaanguka usiku au kesho yake. Kwa hiyo neno «sijaumia» likisemwa barabarani dakika tano baada ya ajali halina thamani ya uchunguzi wa daktari, na halipaswi kuwa msingi wa mapatano yoyote ya pesa.

Nani alikuwa na haki ya kupita?

Kongo inaongozwa na Code de la route iliyotolewa kwa sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Nchi ni mwanachama pia wa Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu mwendo wa magari barabarani. Kanuni kubwa inayohusu ajali za ubavuni ni ile ambayo kila mwanafunzi wa auto-école huimba: priorité à droite. Kwenye njia panda isiyokuwa na alama, taa wala polisi, dereva anamwachia njia yule anayetoka upande wake wa kuume.

Hapo ndipo hukumu ya barabarani inapoanguka. Chukua mfano: jeep inatoka kuume, ina haki ya kupita. Taxi inatoka kushoto, haisimami, inajitupa katikati ya njia panda. Jeep inaipiga ubavuni. Kwa macho ya watu, jeep ndiyo iliyogonga, maana pua yake ndiyo imebonyea. Kwa macho ya sheria, taxi ndiyo iliyokata njia. Aliyegongwa ubavuni anaweza kabisa kuwa ndiye mwenye kosa.

Lakini haki ya kupita si ruhusa ya kuua. Ikiwa jeep ile ilikuwa inakwenda mbio kupita kiasi, au dereva wake alikuwa anaandika kwenye simu, hakimu anaweza kugawanya kosa.

Kanuni ya kuume ina vizuizi ambavyo madereva wengi husahau. Dereva anayetoka katika kijia au njia ya udongo na kuingia barabara kubwa anapaswa kungoja, hata kama anatoka kuume. Anayetoka ndani ya parcelle, garaji au kituo cha mafuta anangoja pia. Anayekata kushoto anawaachia njia wale wanaokuja mbele yake. Na pale ambapo polisi anaongoza, mkono wake unapita taa na vibao vyote. Dereva hawezi kusema «nilikuwa na priorité» ikiwa polisi alikuwa amemzuia.

Moto na gari linalokata kushoto

Kuna aina moja ya ajali ya ubavuni ambayo wakaaji wa Goma, Bukavu, Butembo au Bunia wanaiona mara nyingi kuliko nyingine. Gari liko mbele, linapunguza mwendo ili likate kushoto. Nyuma yake moto inaona gari linachelewa, inatoka kushoto ili ilipite. Gari linakata, moto inaingia mlangoni.

Kila upande huwa na uhakika kwamba una haki. Motari anasema: «Amenikatia njia.» Dereva anasema: «Amenipita kwenye njia panda.» Maswali ya kujibiwa ni matatu. Je, gari liliwasha taa ya kushoto, na mapema? Je, dereva aliangalia kioo kabla ya kukata? Je, motari aliona taa hiyo? Kulingana na Mkataba wa Vienna, katika nchi inayotembea kuume, gari lililoonyesha kwamba linakata kushoto hupitwa upande wa kuume, si wa kushoto. Motari aliyeona taa na bado akapita kushoto ana kosa. Dereva aliyekata bila taa na bila kuangalia ana kosa pia. Mara nyingi wote wawili wana sehemu yao.

Volant ya kuume katika nchi ya kuume

Mashariki mwa nchi kuna jambo jingine linaloongeza hatari. Kongo, Rwanda na Burundi hutembea upande wa kuume wa barabara. Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia hutembea kushoto. Magari mengi yanayotoka Japan hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam yakiwa na volant kuume, na mengi yanaishia katika barabara zetu.

Dereva aliyekaa kuume haoni vizuri upande wa kushoto anapotaka kupita lori. Inabidi gari lijitokeze kwanza ndipo yeye aone. Anapotoka ukingoni mwa barabara, anategemea kioo au macho ya mtu aliyekaa kando yake. Na kwa kuwa gari lenye haki ya kupita linatoka kuume, pigo linaangukia mlango wake mwenyewe, palepale alipokaa.

Hata hivyo, volant peke yake haitoi hukumu. Anayedai fidia anapaswa kuonyesha dereva alifanya nini: hakusimama, alipita pasipoonekana, alitoka bila kuangalia. Upande wa volant unasaidia kueleza jinsi ajali ilivyotokea, lakini hauchukui nafasi ya ushahidi.

Dakika za kwanza ndizo zinazobeba kesi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ajali ni vilevile. Alama zinazoonyesha nani alikata njia ya nani hudumu muda mfupi: vioo vilivyomwagika mahali magari yalipogongana, weusi wa matairi yaliyofungwa breki, mahali kila gari liliposimama. Mara magari yakiondolewa na mvua ikinyesha, hubaki maneno tu.

Kazi ya kwanza ni watu: kuwatoa kwenye hatari, kuwapeleka hospitalini, kuwasimamisha wengine wasije wakagonga tena. Aliyeumia shingo au mgongo asivutwe ovyo ikiwa hakuna moto wala petroli inayovuja. Baada ya hapo, simu ambayo kila mtu anayo mfukoni inafanya kazi kubwa. Piga picha kabla magari hayajasogezwa: moja kutoka mbali inayoonyesha njia panda nzima na vibao, kisha za karibu zinazoonyesha pigo, plaque za magari yote, karatasi ya bima, permis ya dereva na carte rose. Namba za simu za mashahidi wawili au watatu ambao si ndugu wala si rafiki wa upande wowote zina uzito kuliko kelele za watu hamsini.

Kisha inaitwa Polisi ya mwendo wa barabarani, PCR, ambayo wengi huita roulage. Afisa mwenye cheo cha OPJ ndiye anayeandika procès-verbal, yaani PV, na kuchora croquis: ramani ndogo ya mahali pa ajali. Karatasi hizo mbili ndizo kampuni ya bima na hakimu wataziangalia kwanza. Kabla ya kutia saini, kila dereva ana haki ya kusoma au kusomewa maneno yake katika lugha anayoielewa. Ikiwa croquis inaonyesha gari lake upande ambao halikuwepo, aombe pasahihishwe au aandikwe kwamba hakubaliani. Saini iliyotiwa kwa haraka ni vigumu kuiondoa baadaye.

Jambo moja huchanganya watu: pesa inayolipwa kwa polisi si fidia ya mhanga. Sheria inaruhusu OPJ au parquet kupokea faini ya kumaliza kosa dogo, yenye risiti. Lakini faini hiyo huenda kwa hazina ya serikali. Dereva aliyelipa faini bado ana deni kwa mtu aliyemvunja mguu. Na pesa iliyotolewa bila risiti haiwezi kuonyeshwa popote kama malipo ya chochote.

Karatasi ya daktari

Yeyote aliyekuwa ndani ya gari lililogongwa ubavuni anapaswa kuonwa na daktari siku hiyohiyo, hata kama anasikia maumivu kidogo tu. OPJ anaweza kuandika réquisition kwa daktari, na daktari akatoa certificat médical inayosema majeraha ni gani, mtu atakaa siku ngapi bila kufanya kazi, na kama kuna kilema kitakachobaki.

Bila karatasi hiyo, mwenye kosa atasema mguu ulivunjika kwingine. Vilevile ni vizuri kulinda kila facture: dawa, radiografia, moto ya kumpeleka mgonjwa kila siku, chakula cha mlinzi wa mgonjwa, fimbo za kutembelea. Mambo madogo haya yakijumlishwa kwa miezi miwili, mara nyingi yanashinda gharama ya mlango wa gari.

Nani analipa?

Msingi wa fidia uko katika kitabu cha tatu cha Code civil, kifungu cha 258: mtu yeyote ambaye kosa lake limeleta hasara kwa mwingine analazimika kuitengeneza. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba uzembe na kutoangalia vinatosha, si lazima mtu awe alikusudia.

Lakini kifungu ambacho wahanga wengi hawakijui ni cha 260. Kinasema kwamba anayemtuma mtu kazi anajibu kwa hasara ambayo mtumishi wake ameleta katika kazi hiyo. Dereva wa taxi anayeleta versement kwa mwenye gari, motari anayefanya kazi na moto ya mwingine, shofere wa lori la kampuni: wote wana mtu nyuma yao. Motari anaweza kuwa hana kitu zaidi ya koti lake. Mwenye moto ana moto hiyo, pengine na nyumba. Kwa lugha ya mahakama anaitwa civilement responsable, na anaweza kuitwa katika kesi ileile.

Nyuma ya mwenye gari kuna kampuni ya bima. Tangu sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo cha mota kinachotembea barabarani kinalazimika kuwa na bima ya hasara kwa watu wengine. Pikipiki zimo. Kwa miaka mingi SONAS, iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake sokoni. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, Code des assurances, ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na za kwanza za binafsi zilipata ruhusa mwaka 2019. Anayezisimamia ni ARCA, ofisi ya serikali ambayo pia inatoa orodha ya kampuni zinazoruhusiwa.

Hapa kuna mambo matatu ya kutofautisha. Vignette si bima, ni kodi ya barabara. Contrôle technique si bima pia. Na bima ya kawaida, ile ya lazima, inalipa hasara uliyomletea mwingine, hailipi gari lako mwenyewe ukiwa na kosa. Ili gari lako litengenezwe hata ukiwa umekosa, inatakiwa bima ya tous risques, ambayo bei yake ni kubwa zaidi.

Mhanga hahitaji kumsubiri dereva amwonee huruma. Akiwa na namba ya police ya bima na jina la kampuni, anaweza kupeleka madai yake kwa kampuni hiyo yeye mwenyewe, pamoja na PV, certificat médical na facture. Barua ipelekwe kwa nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na abaki nayo. Dereva naye anapaswa kuitangazia kampuni yake ajali haraka. Muda umeandikwa ndani ya mkataba, na ni siku chache. Mikataba mingi inamkataza pia kukiri kosa au kuahidi pesa kabla kampuni haijajua. Dereva anayesema mbele ya watu «nitalipa yote» anaweza kujikuta akilipa peke yake.

Abiria ana nafasi nzuri kuliko wote. Yeye hakuendesha, kwa hiyo hana kosa la kugawana. Aliyekuwa nyuma ya moto au kwenye kiti cha taxi anaweza kuwadai madereva wote wawili, bila kungoja wao wamalize ubishi wao.

Kosa likigawanywa, hesabu inakuwaje?

Tuseme hasara za mwenye taxi ni dola 1,200 za kutengeneza gari, dola 500 za hospitali, na dola 300 za versement iliyopotea wakati gari liko garaji. Jumla ni dola 2,000. Hakimu anaona kwamba jeep ina kosa kwa asilimia 70 kwa sababu ilikataa kusimama kwenye kibao cha stop, na taxi asilimia 30 kwa sababu ilikuwa mbio. Mwenye taxi atapata dola 1,400, si 2,000. Na ikiwa jeep ilipata hasara ya dola 1,000, upande wa taxi utalipa dola 300 zake.

Hesabu hii inaeleza kwa nini kupiga kelele «mimi sina kosa hata kidogo» si njia bora sikuzote. Mtu anayekubali asilimia ndogo iliyo wazi, na kuonyesha facture zake zote, mara nyingi anafika mbali kuliko anayekataa kila kitu akiwa mikono mitupu.

Mapatano yanafaa, ila si barabarani

Kupatana bila mahakama si kosa. Kwa mlango uliobonyea na kioo kilichovunjika, bila mtu kuumia, ni njia ya haraka na ya bei ndogo. Hatari inaanza pale mapatano yanapofanywa kabla ya kujua hasara yote.

Karatasi ya mapatano inapaswa kusema ajali ilikuwa wapi na siku gani, magari gani, pesa gani inalipwa leo na gani baadaye, na hasa inalipa kitu gani. «Nimelipwa dola 200 kwa mlango na kioo» ni tofauti kabisa na «nimelipwa dola 200, sitadai tena chochote». Sentensi ya pili isitiwe saini wakati mtu bado yuko kitandani au anangoja radiografia. Kiongozi wa avenue au wa quartier anaweza kuwa shahidi mzuri, na wakili akisoma karatasi hiyo kabla ya saini ni bora zaidi.

Ikumbukwe kwamba mapatano ya pesa hayafuti kesi ya makosa. Mtu akifa au akiumia, parquet inaweza kuendelea hata kama familia zimekubaliana.

Muda haungoji

Code pénal, vifungu vya 52 hadi 54, inaadhibu anayeua au kujeruhi kwa kukosa uangalifu. Kuua bila kukusudia kunaadhibiwa kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Kujeruhi bila kukusudia ni siku 8 hadi mwaka 1. Kesi hizo zinakwenda mbele ya tribunal de paix, na hapo mhanga anaweza kujiunga kama partie civile ili adai fidia katika kesi ileile. Akiona parquet inalala, wakili wake anaweza kumwita mshitakiwa moja kwa moja mahakamani kwa citation directe.

Lakini saa inakimbia. Kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi mwaka 1, kama kujeruhi bila kukusudia, mashtaka yanazimika baada ya mwaka mmoja. Kwa kuua bila kukusudia ni miaka 3. Kesi ya kudai fidia mbele ya hakimu wa mambo ya raia ina muda mrefu zaidi, ila inabeba gharama, na mhanga ndiye anayetafuta ushahidi wote. Familia inayoambiwa «ngojeni, tutawaita» kwa miezi 11 inapaswa kujua kwamba mwezi wa 12 ni mlango unaofungwa.

Asiye na pesa ya wakili anaweza kwenda kwenye bureau de consultations gratuites ya barreau ya mkoa wake. Attestation d'indigence inaweza kumwondolea pia gharama za kufungua kesi.

Plaque za kigeni, magari ya jeshi na ya Umoja wa Mataifa

Malori yanayoingia kwa Kasindi, Bunagana au Kasumbalesa yanapaswa kuwa na carte jaune ya COMESA. Hiyo ni bima inayovuka mpaka: kampuni ya nchi ya lori inajibu kwa ajali iliyotokea Kongo. Piga picha ya carte jaune hiyo, maana lori linaweza kuwa limevuka mpaka kabla ya PV kumalizika.

Ikiwa dereva ni askari wa FARDC au polisi, kesi ya makosa inakwenda kwa auditorat militaire, si kwa parquet ya raia. Katika Kivu Kaskazini na Ituri, ambako état de siège ilianza tarehe 6 Mei 2021 na kuzipa mahakama za kijeshi kesi za makosa, ni vizuri kuuliza kwanza ofisi gani inapokea malalamiko kwa wakati huo, ili mtu asipoteze miezi kwenye mlango usiofaa.

Magari ya Umoja wa Mataifa yana kinga mbele ya mahakama za nchi, lakini hayako nje ya deni. Azimio namba 52/247 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1998, linaruhusu raia kudai kwa ofisi ya misheni yenyewe. Madai yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu ajali au tangu hasara ijulikane. Kwa majeraha au kifo, kiasi cha juu ni dola 50,000, na uchungu wa moyo haulipwi: kinacholipwa ni hasara inayoweza kuhesabiwa. Facture zinakuwa na uzito zaidi tena.

Pale ambapo mahakama imefungwa

Mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari 2025. Mahakama za serikali ya Kinshasa zilisimamisha kazi huko, na benki zikafunga milango. Mhanga wa ajali anajikuta na haki kwenye karatasi bila dirisha la kuidai.

Katika hali hiyo kazi ya kwanza ni kulinda ushahidi. Picha zitumwe kwa mtu mwingine anayeaminiwa nje ya mji, karatasi za hospitali zitengenezewe nakala, majina na namba za mashahidi yaandikwe na kutiwa saini wakati bado wanakumbuka. Barua ya madai kwa kampuni ya bima inaweza kupelekwa makao makuu, ambayo kwa nyingi yako Kinshasa, kupitia wakili au ndugu, na risiti ya kupokelewa ikahifadhiwa. Barua hiyo inaonyesha kwamba mhanga hakulala. Siku mahakama itakapofunguliwa na upande wa pili ukasema muda umepita, ndiyo karatasi wakili wake atakayoiweka kwanza mezani.